Joto Ulilotutumia

Ley Fello, tarehe 9 Desemba

Koto wangu Bailo,

Sasa hivi, hata kalamu sijaishika vizuri, mwanao amelilisha boksi lako uji. Amechota kijiko kimoja cha uji wa mahindi, akalimwagia juu ya kifuniko, akasema, "Baba, kula." Nimeufuta haraka kwa kanga yangu. Nilicheka sana. Halafu kicheko kikakatika chenyewe, sijui kwa nini.

Ngoja nisalimie, nisije nikaonekana sikufunzwa nyumbani. Hapa hakuna baya. Neene, mama yako, hana baya ila magoti, na magoti yake yalikuwa na baya kabla mimi sijaolewa humu. Dalanda hana baya ila kelele. Mimi sina baya. Na wewe je, huko Konakri hakuna baya? Kile kikohozi kimekwisha? Fundi Kamara anakupa hata Ijumaa moja ya kupumzika? Unakula nini jioni, na nani anakupikia? Hilo la mwisho nimeuliza tu, usikunje uso.

Boksi la taa lilifika salama. Dereva Sadio alilipakata kutoka Pita mpaka barabarani hapo chini kama mtu aliyebeba yai la mbuni. Akasema, "Bailo kasema lisiguswe na maji." Tukamuuliza, na nini tena? Akasema, "Hayo tu, mimi ni dereva." Ile paneli ya sola tumeiweka juu ya bati la jikoni, Neene ameifunga kwa kamba ya mbuzi. Siku ya kwanza taa ilipowaka, wanawake wa ua wa jirani walikuja na nyungo zao, tukapepeta nafaka yetu ya fonio hapa kwetu mpaka sala ya isha. Yaye Safi akasema, "Kesso, wa kwako kakutumia jua zima, wa kwangu hata njiti ya kiberiti hatumi." Nikanyamaza kama mtu mwenye adabu, lakini shingo yangu ilirefuka, nakwambia kweli.

Sasa nikueleze habari ya uji. Boksi lilipofika tulimwambia Dalanda, "Hili katuma Baba." Koto, mtoto aliyezaliwa wewe umeshaondoka, atajuaje kutuma ni nini? Alisikia neno moja tu. Tangu siku hiyo boksi ndilo Baba. Asubuhi analiamkia. Akipigwa na Neene anakwenda kulishtakia.

Na baridi ya mwaka huu wewe umeisahau, nyinyi wa Konakri mnalala bila shati. Huku asubuhi majani ya viazi yanang'aa kama yamenyunyiziwa chumvi. Ni Neene aliyegundua kwamba boksi linapokunywa jua mchana linapata joto. Si joto la kuunguza, ni joto kama ubavu wa mtu aliyelala. Basi akatoa ile lepi yake, kitambaa cha bluu cha harusi yake, ambayo hata mimi hajawahi kunigusisha, akalifunga nayo joto lisitoroke, akaliweka kitandani. Waya tumeupitisha dirishani. Dalanda akilala mchana analikumbatia. Neene anasema, "Mwanangu ana akili. Ametutumia taa na blanketi kwa mzigo mmoja."

Nami nisikufiche. Jana nilijilaza kidogo. Mimi huku, boksi kule, mtoto katikati. Nikahesabu moyoni: watatu. Nikalala usingizi ambao sijalala tangu ulipoondoka.

Kitu kimoja cha kukuuliza. Limeanza kushiba. Ubao wa ubavuni umetokeza kama tumbo la mtu aliyekula sana, na kifuniko hakikai. Neene ameweka juu jiwe la kusagia pilipili ili kitulie. Ni kawaida? Tumesema labda jua limejaa.

Siulizi utakuja lini. Nimeliandika tu hapa uone kwamba sikuuliza.

Mkeo, Mama Dalanda


Madina, Konakri, tarehe 16 Desemba

Mama Dalanda,

Salamu nitakupa chini, unisamehe. Ukifika hapa, simama ulipo. Mtoe Dalanda ndani ya nyumba. Mtoe na Neene, hata kwa kumbeba. Halafu ndipo uendelee kusoma.

Mmetoka? Sasa chomoa waya unaotoka kwenye paneli. Kama boksi ni baridi na limetulia, toa hilo jiwe polepole, toa kitambaa, libebe kwa kutumia karai, uliweke kwenye ardhi tupu, mbali na ua wa miti na mbali na paa la nyasi. Liache hapo hapo. Usilibonyeze, usilitoboe, usilipasue uone lina nini tumboni. Kama lina moto, au linatoa sauti, au linanuka utamu utamu usioujua, usiliguse. Kesso, usiliguse. Nyumba iungue. Nyasi zinakatwa tena. Simameni upande upepo unakotokea, moshi wake ni sumu. Kama kuna maji, mwagieni mengi, kwa mbali, na yakizima msiamini kwamba limekufa.

Barua yako imekaa kwenye gari la Sadio siku sita, gari lilivunjika ekseli Kindia. Nimempigia muuza duka wa soko la Jumatano mara kumi na moja, simu yake imezimwa, na huko kwetu mtandao haufiki. Hii nampa dereva wa gari dogo, nimemwapisha.

Sasa niambie, nani aliwaambia betri ni mtoto mchanga, inafunikwa nguo? Nani alilaza betri kwenye godoro? Mimi nimewatumia taa nyinyi mmefanya mto! Joto lile si la kutunza. Linataka kutoka. Mkilifunga linarudi ndani, na humo ndani halina mlango. Lile si blanketi, ni homa. Na kuvimba si kushiba. Betri inayovimba inaumwa, haichajiwi tena hata dakika moja. Neene simlaumu, ni mtu mzima. Lakini wewe umefika darasa la sita, ungeuliza.

Sijala tangu jana. Kila nikifumba macho naona mkono wa mtoto juu ya hicho kitu.

Salamu. Nijibu siku hiyo hiyo, hata mstari mmoja.

Mumeo, Baba Dalanda


Madina, tarehe 28 Desemba

Mama Dalanda wangu,

Hakuna baya? Nimeliandika neno hili mara tatu nikalifuta. Naogopa kuliuliza.

Sadio amekuja Konakri mara mbili bila barua yako. Namuuliza, umemwona mtu yeyote wa nyumbani? Anasema yeye anaishia barabarani, barua huziacha kwa muuza chumvi, ya juu ya kilima hayajui. Nikamwambia, wewe una macho ya nini? Akasema, "Ya kuangalia barabara, Bailo, ndiyo maana bado una mtu wa kukubebea barua." Nilicheka kwa nguvu ili nisilie mbele ya wateja.

Kama umenyamaza kwa hasira, una haki. Nimeikumbuka barua yangu neno kwa neno na nimeona haya. Lakini kuna jambo sikuliandika, na bila hilo yote niliyokulaumu ni uongo nusu.

Kesso, kila betri tunayofunga hapa karakanani huwekwa kibao kidogo, kama ukucha wa dole gumba. Sisi tunakiita mlinzi. Betri ikishiba, mlinzi anakata, jua haliingii tena. Ikizidi joto, anakata. Betri zenyewe ni zile bapa za kompyuta zilizokufa. Tunazipima moja moja, nzuri tunaziunga, mbaya tunazitupa kwenye pipa la mchanga. Ni kazi ya kuunga vizee, na vizee vinahitaji mlinzi kuliko vijana.

Wiki niliyofunga boksi lenu walibaki walinzi wawili. Mmoja alikuwa mbovu. Yule mzima nilimweka kwenye betri ya mteja, mwenye saluni ya pale mbele, kwa sababu yeye angerudi kulalamika. Boksi la nyumbani nikalifunga hivyo hivyo. Nikajisemea, paneli ni ndogo, haitawahi kulijaza. Nikajisemea, mlinzi nitakuja naye mwenyewe nikija. Nikalipaka rangi ya kijani, likapendeza, nikasahau.

Mlilifunika kwa lepi, ni kweli. Lakini aliyelituma bila mlinzi ni mimi.

Mwambie yeyote aandike. Mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu wa kupita, yeyote.

Baba Dalanda, kama bado naitwa hivyo


Ley Fello, tarehe 6 Januari

Koto Bailo,

Bado unaitwa hivyo. Anza na hilo. Mtoto mzima, hana hata alama. Neene mzima. Nyumba imesimama.

Hakuna baya, basi, ila baya dogo: mwandiko huu. Mkono wangu wa kulia ndio ninaoandikia, na ndio uliobeba. Ndiyo maana ulikaa bila barua. Neene alitaka kumwita mwalimu wa chuo aniandikie, nikakataa. Mambo yangu na wewe yapitie kinywani mwa mwalimu kwanza? Angetuombea dua hadharani Ijumaa.

Ilikuwa tarehe 13. Barua yako ya kwanza ilifika tarehe 19, kwa hiyo usijisumbue kuhesabu, hakuna dereva ambaye angewahi. Jua lilikuwa la utosi. Mimi nachimba magimbi bustanini, Neene anaanika maharage, Dalanda kalala na boksi lake. Mara namwona anakuja anaburura kanga, pua ameikunja. Akasema, "Baba ananuka." Neene akacheka, "Baba wote wananuka, mjukuu wangu, utazoea." Nikaenda mlangoni. Harufu ilikuwa tamu, kama nanasi lililokaa sana, na ndani yake kama rangi ya kucha. Neene akasema ni panya kafia darini. Halafu nikasikia sauti, kama maziwa yanayotaka kufurika.

Nimesoma ulichoandika: usiliguse, nyumba iungue. Ningekuwa nimekisoma siku ile, sijui kama ningekusikia. Nitakwambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Sikufikiria paa. Sikufikiria hata vyombo vyangu. Nilifikiri, hiki kimetoka mikononi mwake, siwezi kukiangalia kikiungua. Neene anapiga kelele, "Acha, Kesso! Acha kitu hicho, mwendawazimu wewe!" Nami nimeshalikusanya pamoja na lepi, nakimbia. Hatua kumi na mbili mpaka kwenye magimbi, nimezihesabu baadaye. Ya kumi lilipasuka. Nikalirusha. Moto wake haukuwa moto wa kuni, ulikuwa unapuliza, kama moto wa mhunzi. Dalanda akapiga ukelele, "Baba anaungua!" Sauti ile ndiyo inayoniamsha mpaka leo, si mkono.

Tulimwaga mitungi yote miwili. Likazima. Tukashukuru. Wakati Neene ananifunga majani mkononi, likawaka tena lenyewe. Neene akalitazama akasema, "Hiki hata adabu ya kufa hakina." Likawaka mara tatu. Pale palipoungua magimbi yamekauka, nimepazungushia miiba.

Nesi wa sokoni amenisafisha kidonda kila Jumatano. Ngozi mpya imeota, ya waridi kama ya mtoto mchanga. Kidole cha mwisho hakinyooki, lakini hicho sikukitumia sana.

Sasa barua zako. Uliniambia nimefika darasa la sita, ningeuliza. Koto, niliuliza. Kama hukuitupa, itazame barua yangu, pale chini. Niliandika: ni kawaida? Maneno mawili, na alama ya kuuliza nimeweka.

Na ya pili, ile ya mlinzi. Niliisoma nikaikunja. Nikaenda kisimani bila ndoo, nikarudi. Hiyo imeniuma kuliko mkono. Yule mwenye saluni angerudi kulalamika. Sisi tusingelalamika, ndiyo maana tukakosa. Basi leo nalalamika. Nimelalamika, umesikia?

Nimemaliza. Sina hasira ya kuweka akiba.

Neene nilimsomea yote. Akasema, "Mwandikie mwanangu kwamba nililifunika kwa sababu limetoka kwake." Kuhusu lepi yake hasemi neno. Dalanda aliuliza siku tatu Baba kaenda wapi. Nikamkalisha nikamwambia, lile halikuwa Baba, lilikuwa boksi. Baba ni mtu, ana miguu. Akaniuliza, "Miguu mingapi?"

Usitume betri nyingine. Chemli ipo, na vibatari vipo. Njoo wewe.

Mkeo, Mama Dalanda


Madina, tarehe 15 Januari

Mama Dalanda,

Hakuna baya hapa, na nashukuru kwa barua yako mpaka wino wake. Nimeihesabu ile alama ya kuuliza. Ipo. Imenitazama wiki nzima.

Kazi naifanya, lakini mikono imekuwa ya mtu mwingine. Fundi Kamara ameniona nafunga walinzi wawili kwenye betri moja, akasema, "Bailo, hiyo unaichaji au unaifunga jela?" Sikumweleza. Nikikaza waya nasikia mtoto anapiga ukelele ambao sikuusikia.

Unasema nije. Kesso, nitakuja na nini? Miaka mitatu nimekaa mjini, kitu kimoja cha maana nilichotuma nyumbani kimekuunguza mkono. Nitapita vipi sokoni mikono mitupu, wazee wananisalimia, hakuna baya, hakuna baya, na kila mmoja anatazama nyuma yangu aone mzigo?

Diogo na mwenzake, wale wa meza ya pembeni, wameondoka wiki iliyopita. Wamepita Bamako, wanakwenda Aljeria, na kutoka huko Mungu anajua. Wamenitumia ujumbe: nafasi ipo, njoo. Sijajibu. Nawaza kwamba nikivumilia huko miaka miwili mitatu, nitarudi nikiwa mtu.

Mpake mkono mafuta ya karite, usikae na maji ya sabuni. Mwambie Dalanda ni miwili.

Baba yake


Ley Fello, tarehe 24 Januari

Koto,

Hakuna baya. Nimeisoma barua yako nimesimama, na najibu nimesimama hapa barabarani, Sadio anaondoka na mabasi ya soko.

Unasema utarudi ukiwa mtu. Kwani uliondoka ukiwa nini? Mimi niliolewa na nini?

Usiende. Sijawahi kukuandikia neno la kukuamrisha, hili ndilo la kwanza. Watu wa bonde hili waliokwenda njia hiyo wanahesabiwa kwa picha ukutani.

Na usiniambie mikono mitupu. Sikiliza kinachotokea huku. Kila Jumatano kuna mtu anashusha betri za sola sokoni, amezimwaga juani kama viazi. Ukimuuliza ni za nini anasema za taa. Ukimuuliza zaidi anasema, "Mama, unanunua au unanihoji?" Watu wanazinunua. Yaye Safi aliweka ya kwake chini ya mto ili isiibiwe. Mwingine anaichajia kando ya mafiga. Mwingine chaja ya pikipiki anaitia kwenye taa, mradi imeingia tunduni. Nimekuwa napita nyumba kwa nyumba kama mwanamke asiye na kazi. Nawaambia: iwe sakafuni, kwenye udongo, si kitandani. Msiifunike. Isichajiwe wote mkiwa shambani. Ikivimba, ikinuka, itoke nje, na mtoto atoke kabla yake. Wananicheka, "Kesso sasa ni fundi!" Halafu nawaonyesha mkono, wanainuka kwenda kuitoa kitandani.

Lakini wakiniuliza kwa nini, sijui. Wakiniuliza hii ina mlinzi au haina, siwezi kuifungua nikaona. Wewe unaweza. Kwa hiyo hiyo mikono unayoiita mitupu ndiyo inayotakiwa huku. Njoo nayo hivyo hivyo.

Sadio anapiga honi. Nijibu.

Mama Dalanda


Ley Fello, tarehe 5 Machi

Koto wangu Bailo,

Dakika hii mwanao amejitwika kalabashi tupu kichwani, amejifunga mgongoni gunzi la hindi, akapita mbele yangu bila kunitazama. Nikamuuliza, "Mama, unakwenda wapi?" Akasema, "Sokoni. Mtoto wangu analia." Akafika kwenye mchungwa akasalimiana nao, hakuna baya, hakuna baya, wametajiana jamaa wote, akarudi. Akaniambia sokoni hakuna kitu, vitu vimepanda.

Hapa hakuna baya. Naandika hivyo kwa mazoea. Sijui naliandikia wapi neno hili.

Siku arobaini, Koto. Nilingoja kwanza kwa hasira, nikasema anajifikiria. Halafu nikangoja kwa kusikiliza, kila pikipiki inayopanda kilima naijua sasa kwa kukohoa kwake. Wiki iliyopita nilishuka mwenyewe mpaka barabarani nikamshika Sadio mkono wa shati. Nikamwambia barua iko wapi? Akanitazama kwa huruma, na huruma ya Sadio ni kitu kibaya kukiona. Akasema alikwenda karakanani. Meza yako imefutwa, vyombo vyako havipo. Fundi Kamara akamwambia, "Ameaga vizuri, na mimi nimemwombea heri. Ya mbele ni yake." Hakusema zaidi, na Sadio hakuuliza zaidi, yeye ana macho ya barabara tu.

Nilipanda kilima nikiwa nahesabu mawe. Sikumwambia Neene. Lakini yeye jioni ile alikula vijiko viwili akaacha, kwa hiyo alijua.

Kama uko jangwani, barua hii haitakufika. Sadio hafiki huko. Nitamwachia muuza chumvi aiweke, na mimi nitakuwa nimeiandika. Huwezi kumkataza mtu kuandika. Nataka ujue mambo ya nyumbani yalivyo, ili popote ulipo usiyawaze vibaya.

Baridi imekwisha. Viazi vimetoka vizuri, vikubwa kama ngumi, Neene ameviweka vya mbegu chini ya majani. Mbuzi mweusi amezaa pacha, mmoja anachechemea. Kidole changu kimeanza kunyooka kidogo asubuhi, kikipata joto la jua. Yaye Safi anakusalimia, anasema mdomo wangu umekuwa mrefu, nikicheka atanipa kuku. Nimemwambia amlete kwanza kuku, nitacheka baadaye.

Na kitu kingine. Nilikuamrisha usiende, na pengine nilikosea namna. Pengine mtu mwenye aibu haamrishwi. Nimekaa nalo hili. Kama ni barua yangu iliyokusukuma, basi sikiliza sasa: mimi sikungoji kwa sababu ya taa, wala ya mzigo. Kuna siku nasahau uso wako nakumbuka tu jinsi unavyovua viatu, kimoja unakivua kwa mkono na kingine kwa kidole cha mguu, na siku hiyo nashindwa hata kupepeta. Ningependa Dalanda akuone ukivua viatu. Hayo tu. Mengine ukiniuliza ninataka nini, sina orodha.

Ukifika mahali penye watu wa kwetu, waulize kama kuna anayerudi, umpe neno moja tu aniletee. Hata likiwa ni bado. Nitalipokea bado, nitaliweka, nitaanza upya kuhesabu kutoka siku hiyo, na safari hii sitakuwa na...

Ngoja, Neene ananiita. Yuko kule mwisho wa ua, anaita kama mtu aliyeumwa na nyuki, na anacheka humo humo. Dalanda ameacha kalabashi yake chini anakimbia. Neene anasema maji, lete maji ya kunywa, na mkeka, wewe Kesso huna masikio, acha hiyo kalamu, huyo unayemwandikia